Kiuno Ishirini na Sita

Mtu wa kawaida akisoma vipimo huona namba. Fundi cherehani huona mtu. Kwa hiyo yule mwanamke ambaye mtaa mzima ulimwita Fundi, alipokunjua kikaratasi alichokitoa kwenye mfuko wa suruali ya mumewe akitaka kuifua, hakuona namba hata moja. Aliona mwanamke amesimama mbele yake.

Kifua 34. Kiuno 26. Nyonga 37. Bega 14. Urefu 42.

Mwembamba, tena kijana. Mabega yamekaa sawasawa, nyonga zipo za kutosha na hazijazidi, na hicho kiuno, jamani, hicho kiuno ni cha mtu ambaye hajawahi kubeba mimba wala ndoo mbili za maji kwa mpigo. Na mwandiko ulikuwa wa mumewe. Tangu amjue, mwanamume yule huandika nne zikiwa wazi juu. Kwenye kikaratasi zilikuwamo tatu, zote wazi.

Alishika ukuta.

"Umeona nini?" Dada aliuliza.

Dada yake mkubwa alikuwa amekaa kwenye kiti cha wateja tangu saa nne asubuhi, na miguuni pake palikuwa na begi tupu. Mtu haji kukutembelea na begi tupu isipokuwa amekuja kulijaza.

"Sijaona kitu."

"Asiyeona kitu hashiki ukuta. Lete hapa."

Dada alikipokea kikaratasi, akakisogeza mbali na macho, akakirudisha karibu. "Namba ya simu hii? Mbona imekatikakatika?"

"Vipimo, Dada. Vya mwanamke."

"Mwanamke gani?"

"Nitajuaje mimi? Mwembamba."

Dada alishusha pumzi ndefu, pumzi ya mtu ambaye amengoja miaka minane ili aonekane alikuwa na haki. Miaka minane iliyopita, familia ilipokaa kuzungumzia posa, yeye ndiye aliyepinga hadi koo likamkauka. Mtu wa mitambo, alisema, moyo wake uko kwenye mitambo. Siku mitambo ikizimwa, mtaniambia.

Na kweli mitambo ilizimwa. Kiwanda cha nguo, kilicholisha nusu ya mtaa ule, kilifungwa miezi kumi na moja iliyopita. Mumewe alikuwa fundi wa mitambo hapo, mtu wa kuitwa usiku na mchana, na kwa sababu hakutoka bila spana mfuko wa nyuma, watu walimwita Spana hata msibani. Miezi mitatu ya mwanzo alizunguka kutafuta kazi. Baada ya hapo alilala. Alilala akiutazama ukuta siku nenda siku rudi, hadi Fundi akaanza kuuonea wivu ukuta. Binti yao wa miaka sita wakampeleka kwa bibi yake ili angalau mtoto asiuone ule mgongo.

Fundi mwenyewe alibaki na cherehani yake dirishani, lakini kazi gani? Watu walileta kola zilizolika wageuziwe upande wa ndani, zipu zilizokufa, suruali ya kaka ipunguzwe imwingie mdogo. Tangu mwaka uanze hakuwa amekata kitambaa kipya hata kimoja. Mkasi wake mkubwa ulikuwa unakata nyuzi tu, kama simba aliyefundishwa kula majani.

Kisha, wiki sita zilizopita, Spana akaamka.

Hapo ndipo mashaka yalipoanza. Aliamka, akanyoa ndevu, akaoga, na saa tisa na nusu alasiri akatoka. Alirudi saa kumi na mbili. Kesho yake vilevile. Wiki ya pili akaanza kupiga mluzi. Hebu niambie, mwanamume asiye na kazi anapiga mluzi kwa sababu gani? Fundi alijiuliza swali hilo akifua, akipika, akipiga pasi. Alikuta nyuzi kwenye magoti ya suruali ya mumewe, nyuzi za rangi ambazo hapo nyumbani hazikuwapo. Alikuta plasta kwenye kidole cha shahada. Alikuta vumbi la chaki kwenye mkono wa shati, na chaki yenyewe ya waridi, wakati yeye hutumia nyeupe.

"Dalili ya mvua ni mawingu," Dada alisema. "Na wewe umeshalowa, unaniambia hakujanyesha."

Nyuma ya pazia maji ya kuoga yalikuwa yakimwagika, na mluzi ulikuwa unapanda na kushuka.

"Umsikie," Dada alinong'ona. "Kama ndege."

"Nyamaza, anatoka."

Spana alitoka akiwa amevaa shati la kijani, lile lenye kola ambayo Fundi aliigeuza kwa mkono wake mwenyewe. Alimwona shemeji yake, akainama kidogo.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba."

Ilikuwa marahaba ya kufungia mlango. Spana aliliona begi. Macho yake yakatoka kwenye begi, yakaenda kwa mkewe, yakakaa hapo.

"Kuna safari?"

"Safari haikosi," Dada alimjibu.

"Na wewe?" Fundi aliuliza. Kikaratasi kilikuwa ndani ya ngumi yake, kimelowa jasho. "Leo unakwenda wapi?"

"Ghalani. Wamesema nipite tena, huenda kukawa na nafasi."

Ghala lile lilikuwa limefungwa tangu mwezi uliopita. Mke wa mlinzi wa ghala ndiye aliyeleta suruali ya mumewe ipunguzwe, akasema mwenyewe: sasa wote tuko nyumbani tunatazamana. Fundi alilijua hilo kwa siku kumi na mbili, na kwa siku kumi na mbili alikuwa akimsikia mumewe akisema ghalani, ghalani, bila kupepesa.

Alimtazama. Shingo yake ilikuwa imenyolewa vizuri nyuma, nywele zina maji. Alitamani kuigusa ile shingo. Hilo ndilo lililomuuma zaidi, kwamba ameushika uongo wake mkononi na bado anamtamani.

"Ghalani," alirudia.

"Ndiyo." Spana alifungua mdomo kama mwenye la ziada, akamwangalia Dada, akaufunga. "Nikirudi tutaongea."

"Tutaongea nini?"

"Nikirudi, mke wangu."

Akatoka. Walisikia viatu vyake vikishuka ngazi mbili za barazani, na hata kabla hajafika kwenye kona, mluzi ukaanza.

*

"Haya," Dada alisema, akilifungua begi. "Gari ni saa kumi na mbili. Mtoto kule ameshazoea, shule anakwenda, shavu limerudi. Mama kaniambia nisirudi mikono mitupu. Unangoja nini, uje utambulishwe kwa huyo mwembamba?"

Fundi alijua kitu kimoja ambacho Dada hakukijua: akipanda gari lile, hatarudi. Kuna wanawake wanaoondoka ili wafuatwe. Yeye hakuwa wa aina hiyo. Yeye akikata kitambaa amekata.

Aliingia chumbani, akavuta sanduku lililokuwa chini ya kitanda. Chini kabisa, chini ya mashuka, huweka gauni lake la samawati. Ndilo gauni la kwanza alilowahi kujikatia yeye mwenyewe, baada ya miaka ya kukatia wengine. Ndilo alilokuwa amevaa siku ambayo fundi mmoja wa kiwandani aliletwa kumtengenezea cherehani. Mwanamume yule alitengeneza, akaondoka, na baada ya siku mbili cherehani ikaharibika palepale. Akaitwa tena. Ikaharibika mara ya tatu. Walipokwisha kuoana ndipo alipokiri huku anacheka: ile skrubu alikuwa anailegeza mwenyewe kabla ya kuondoka, ili aitwe.

Miaka yote minane hadithi hiyo ilimchekesha. Leo ilimwingia kwa upande mwingine. Mtu aliyeweza kulegeza skrubu kwa siri apate mke, atashindwaje kulegeza nyingine?

Alitoa mashuka. Alitoa blanketi la mtoto. Akapapasa.

Gauni halikuwapo.

"Dada," aliita, na sauti yake ilitoka nyembamba. "Dada, amempa gauni langu."

"Amempa nani nini?"

"La samawati. Halipo. Amelichukua akampelekea."

Dada alikuja mlangoni, mikono kiunoni. "Mwanamume amhonge mwanamke nguo kuukuu? Lingemwenea kwanza?"

Fundi alikitazama kikaratasi. Kifua thelathini na nne, kiuno ishirini na sita. "Lingemwenea," alisema polepole. "Lingemkaa kama alizaliwa nalo."

Ungekuwapo ungempigia kelele: hebu fikiri kidogo, mama! Lakini wivu una haraka zake. Na mafundi wa nguo wana ugonjwa wao mmoja: hubeba kichwani vipimo vya mtaa mzima, vyao wenyewe hawavijui. Fundi hajawahi kujipima tangu awe msichana. Akitaka gauni hulaza la zamani juu ya kitambaa, huongeza hapa na pale kwa jicho, hukata. Mganga hajigangi.

Alikaa kitandani. Akawaza chaki. Chaki ya waridi haiuzwi madukani; ilikuwa ikitumika kiwandani, kwenye ukumbi wa kukatia. Na ukumbi ule ulikuwa na malkia wake, mkuu wa wakataji, mjane ambaye wafanyakazi walimwita Bi Mkasi. Fundi alimjua kwa mbali, kwa sifa na kwa mwendo. Aliwahi kusikia kwamba baada ya kiwanda kufungwa amehamia kwenye chumba kikubwa nyuma ya duka la dawa lililofungwa, na kwamba huko mapazia hayafunguliwi hata mchana.

"Nimemjua," alisema, akasimama. "Funga begi, Dada. Tutapitia mahali."

*

Duka la dawa lilikuwa limeshushwa mlango wa bati, na juu yake bango la dawa ya kikohozi lilikuwa limepauka. Pembeni palikuwa na ujia mwembamba wa kupita mtu mmoja. Fundi alitangulia. Dada alifuata na begi lililojaa, likigonga ukuta huku na huku.

"Taratibu," Fundi alisema.

"Begi lako hili, si langu. Umetia mawe?"

"Nimetia pasi."

"Pasi! Mtu anakimbia ndoa na pasi!"

"Ya kwangu, niiache?"

Kisha wakanyamaza wote wawili, kwa sababu kutoka nyuma ya mapazia ya kahawia kilisikika kicheko. Kwanza cha mwanamke, kizito, cha mtu aliyeshiba utani. Halafu cha mwanamume.

Fundi alikijua kicheko kile. Huanzia puani, hukwama kidogo, halafu hutoka chote kwa pamoja. Hakuwa amekisikia kwa miezi kumi na moja. Alikuwa amejaribu kila namna kukitafuta. Alitania, alipika, alimletea habari za majirani, alimkumbusha ile skrubu. Ukuta ndio ulioambulia. Na leo kinatolewa hapa, bure, kwa mwanamke mwingine. Machozi yalimtoka papo hapo, na hakuyafuta.

"Twende zetu," alisema. "Nimesikia. Inatosha."

Dada, ambaye siku nzima alikuwa akitaka hilo hilo, alisita. "Hutaki hata umwone uso?"

"Sitaki."

Akageuka. Na hapo ndipo cherehani ikaanza kuunguruma ndani.

Alisimama. Si cherehani moja. Zilikuwa mbili, tatu. Moja ilikuwa inaruka na kukwaruza, ta-ta-krrr, ta-ta-krrr. Mtu yeyote mwenye masikio ya kazi angejua: bobini ya uzi wa chini imewekwa kinyume, na mshonaji anakanyaga kwa hofu. Huku nyingine inakwenda kwa kishindo kama inafukuzwa na mbwa. Hakuna mwanamume aliyekwenda kwa hawara yake akakuta mlio wa namna ile.

Mashaka yake yalibadilika rangi, lakini hayakuondoka. Alisukuma mlango.

Wanaume watano walimgeukia. Alimtambua mlinzi wa ghala, ndevu nyeupe, magoti yamegota chini ya meza ya cherehani, akishona kitu kilichotaka kuwa mfuko. Alimtambua dereva wa lori la kiwanda, uzi mdomoni. Wengine wawili walifunika kazi zao kwa viganja, kama watoto walioshikwa wakila sukari. Mezani palijaa vipande vya vitambaa, mabaki ya kiwanda, vya kila rangi. Ukutani palikuwa na karatasi za kukatia zilizochorwa kwa chaki ya waridi, mikono, mabega, kola, na juu ya kila moja jina la aliyeichora na kosa alilofanya.

Na mwisho wa chumba, mbele ya sanamu ya kuvishia nguo iliyofunikwa shuka, alisimama Spana. Tepu ilikuwa shingoni mwake.

"Mke wangu..."

"Usiniite." Macho ya Fundi yalikuwa yamekwenda kwa mwanamke aliyekuwa karibu yake. Bi Mkasi alikuwa mtu mzima, mzuri, mrefu, amejaa. Jicho la Fundi lilimpima bila yeye kupenda: kifua arobaini, kiuno thelathini na sita, bega kumi na sita na nusu. Siye. Gauni lisingemwenea.

Basi ni nani?

"Karibu," Bi Mkasi alisema bila wasiwasi. "Wewe ndiye Fundi. Nimekuwa nikionyeshwa kola ulizozigeuza hapa kila siku, nikiambiwa mke wangu hufanya hivi, mke wangu hufanya vile. Kaa."

"Sikai." Fundi alifungua ngumi, akakinyoosha kile kikaratasi mbele ya mumewe. "Huyu nani?"

Spana alikitazama. "Umekitoa wapi?"

"Nimekuuliza huyu nani. Kifua thelathini na nne, kiuno ishirini na sita. Yuko wapi? Mwambie atoke."

Cherehani zote zilikuwa zimenyamaza. Dada alikuwa ameingia, ameliweka begi mlangoni na kukaa juu yake.

"Ni wewe," Spana alisema.

"Mimi?"

"Wewe."

"Usinifanye mtoto! Mimi nimezaa, mimi nina miaka thelathini na nne, hicho kiuno nitakitoa wapi? Mimi ni fundi, naona mtu kwenye vipimo. Huyu si mimi!"

"Nilipima gauni lako." Sauti ya Spana ilikuwa ndogo. "La samawati. Sikutaka kukupima wewe, ungejua. Nikalichukua sandukuni, nikalilaza pale mezani, nikalipima."

Alinyoosha mkono. Gauni lilikuwapo, limekunjwa vizuri kwenye rafu, juu ya karatasi safi.

Fundi alilitazama lile gauni, akakitazama kikaratasi, na yule mwanamke mwembamba aliyekuwa akimtesa tangu mchana akageuka polepole, akamwonyesha uso. Ulikuwa uso wake mwenyewe, wa miaka minane iliyopita, kabla ya mtoto, kabla ya king'ora cha kiwanda kunyamaza.

"Nilimwambia," Bi Mkasi alisema. "Nilimwuliza: gauni la siku nyingi hili, mkeo bado yuko hivi? Akaniapia. Akasema hajabadilika hata kidogo."

Mlinzi wa ghala alikohoa. Dereva wa lori alijifanya anatafuta sindano.

"Ulisema hivyo?" Fundi alimwuliza mumewe.

"Ndivyo ninavyokuona," Spana alijibu. Aliona aibu, alikuwa anazungusha ncha ya tepu kwenye kidole chenye plasta. "Sasa utacheka."

Hakucheka. Alikuwa na hasira bado, na hasira ya mtu aliyekosea njia ni kali kuliko nyingine. "Wiki sita umenidanganya. Ghalani, ghalani! Kwa nini hukuniambia? Mimi ni nani, si fundi? Umekwenda kufundishwa cherehani na mtu baki, wakati nyumbani unalala futi tatu kutoka kwenye cherehani!"

"Nilikuomba."

"Lini?"

"Mwezi wa tano. Nilikuomba unifundishe kushona kifungo tu. Ulikuwa na ile kazi ya mashati. Ukaninyang'anya. Ukasema, hiyo mikono imezaliwa kushika spana, usiniguse kitambaa."

Fundi alikumbuka. Lilikuwa neno la uchovu, la mwanamke mwenye mashati kumi na mbili na mume aliyegeukia ukutani. Alilisema, akalisahau kabla ya chakula cha jioni. Msemaji husahau, msemwa hasahau.

"Sikukasirika," Spana alisema. "Niliona ni kweli. Nilikuwa nimelala pale nikijua kila kitu nitakachokijua nimeshakijua, na hakihitajiki tena. Halafu huyu mama akanikamata barabarani, akasema ana cherehani tatu mbovu na vitambaa vya kutupwa, kama nitamtengenezea atanifundisha. Siku ya kwanza nilishona mstari, ukaenda kama nyoka. Nikarudi nyumbani nikakosa usingizi kwa kuuwaza. Unajua ni muda gani sijakosa usingizi kwa sababu nzuri? Sasa ikifika saa tisa najua kuna kitu sikijui, kinaningoja."

"Na kicheko?" Hilo ndilo lililokuwa limebaki, na lilitoka peke yake. "Nimekusikia nje. Unacheka. Kwangu huchekagi."

Spana aliiachia ncha ya tepu. Akamjibu akimtazama. "Hapa nikikosea tunacheka, tunafumua. Kwako nikikutazama naona nimekuangusha. Nitacheka vipi?"

Dada alijisogeza juu ya begi. "Maneno matamu hayo," alisema. "Gauni liko wapi? Maneno hata kasuku anayo."

"Dada..."

"Nimekuja kwa gari, nitarudi kwa gari. Nataka nione gauni."

Spana aliivua shuka ile sanamu.

Lilikuwa la kijani na njano, limeungwa kwa vipande zaidi ya ishirini, mabaki ya vitambaa ambavyo kiwanda kilikuwa kikivitupa. Fundi alikwenda karibu. Alifanya anachofanya siku zote: aligeuza pindo akatazama ndani. Mshono wa ubavuni ulikuwa umefumuliwa na kushonwa upya, matundu ya sindano yalionekana, mara tatu, pengine nne. Zipu ilikuwa imepanda kidogo upande wa kushoto. Lakini vile vipande, nani alimfundisha kuvipanga vile? Njano ilianza kidogo begani, ikaongezeka ikishuka, hadi chini kwenye pindo kijani kikawa kimekwisha. Yeye mwenyewe, kwa miaka yake yote, asingewaza hivyo.

"Rangi umezipanga wewe?" aliuliza.

"Mimi."

"Sikumsaidia hilo," Bi Mkasi alisema. "Nilimwambia litakuwa kama bendera. Nilikosea."

Fundi alilipapasa gauni kiunoni. Ishirini na sita. Hata akizuia pumzi asingeingia. Kitu kilimpanda kifuani na safari hii kikatoka kama kicheko, kicheko chenye machozi ndani yake, na mumewe alipomwona anacheka alianza kusema samahani, samahani, nitafumua.

"Limeniharibikia," Spana alisema. "Wiki sita, na halikuingii."

"Haliniingii hata nikifa," Fundi alisema. "Huyo uliyemshonea ameshahama, bwana. Aliyebaki ni huyu."

Nje honi ililia barabara kuu. Dada alisimama. "Gari ni hilo linajipanga. Mdogo wangu, sikia. Gauni ni zuri, sikatai. Lakini mtu aliyeficha kizuri anaweza kuficha na kibaya. Panda gari, ukae kwa mama mwezi, akutafute."

Lilikuwa neno la haki, na Fundi alilipima. Kwamba alimwamini mumewe sasa kama zamani, hapana. Wiki sita za ghalani hazifutiki kwa vipande ishirini vya kitambaa, na alijua kwamba wiki ijayo, akisikia mluzi, masikio yatamsimama. Alimtazama Spana. Mwanamume alikuwa hamsihi. Alikuwa amesimama tu, tepu shingoni, akingoja kama mwanafunzi anayengoja kazi yake irudishwe.

"Siku nyingine ukitaka kulegeza skrubu," Fundi alimwambia, "uniambie nikushikie taa."

"Nitakuambia."

"Na ghala nisilisikie tena."

"Hutalisikia."

Alivua mtandio, akauweka juu ya meza ya mlinzi wa ghala. Akasimama katikati ya chumba, akanyanyua mikono yote miwili pembeni, kama alivyowaamuru wanawake wa mtaa ule kwa miaka kumi na tano, na kama ambavyo yeye mwenyewe hajawahi kusimama mbele ya mtu.

"Nipime," alisema.

Spana alikuja. Vidole vyake, vilivyokaza nati za mitambo mikubwa kuliko nyumba, viliishika tepu kwa ncha tu. Alipitisha tepu mgongoni mwake, akaileta mbele, akaikutanisha kiunoni. Alikuwa karibu kiasi kwamba Fundi aliisikia pumzi yake ikikatika.

"Isikaze," alimfundisha kwa sauti ya chini. "Weka kidole kimoja katikati. Haya, soma."

"Thelathini na mbili."

"Sema kwa sauti, mwandishi asikie."

"Thelathini na mbili," Spana alisema, na Bi Mkasi akaandika kwa chaki ya waridi ukutani.

Honi ililia mara ya pili. "Gari!" Dada aliita kutoka mlangoni. "Unakuja au huji?"

"Usinisemeshe, Dada," Fundi alijibu bila kugeuka, mikono ikiwa bado hewani. "Nikitikisika atakosea."